Kuonja Mbele ya Wageni

Alhamisi, Agosti 2013, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwetu mtaa wa Greyville, huku kusini mwa Afrika. Ndipo tulipoanza kupika.

Kesho darasani kila mtu analeta chakula cha nchi aliyopewa na mwalimu, anasimama mbele, anakieleza. Mimi nimepewa Ujerumani. Kupika siogopi. Kusimama mbele ndiko kunakonitoa jasho. Hata kwenye teksi, hivi vibasi vya abiria wengi, nasubiri mtu mwingine aseme anashuka ndipo nishuke naye, halafu narudi kwa miguu hadi kwetu. Kwa hiyo nilikuwa nimeshapanga: bakuli nitampa rafiki yangu Nomfundo, asimame na kusema yeye.

Niliroweka mkate wa juzi kwenye maziwa, nikaukamua, nikauchanganya na nyama ya kusaga, kitunguu, yai na haradali. Frikadele hizo. Bibi alinitazama kama mtu anayeibiwa.

"Mkate ndani ya nyama? Watasema kwetu iko njaa."

"Ndivyo Wajerumani wanavyofanya, Bibi. Zinakuwa laini."

"Eish, Wajerumani wako." Bibi anaipenda hiyo 'eish' ya mshangao ya huku kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Lakini akalowesha viganja, akaanza kuviringa. Zake zikatoka nzuri, zangu zikawa kama viazi. Tukazibonyeza kidogo, tukazitia kwenye mafuta. Zilipoanza kunukia nikamwambia mpango wangu wa Nomfundo. Bibi akavuta kiti, mwiko mkononi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mwanangu, unanikumbusha siku moja kule Bujumbura, ndio kwanza nimeolewa. Baba mkwe akaleta wageni. Nikapika ndizi, maharage na samaki, vizuri kabisa. Usinione hivi, nilikuwa mpishi. Lakini aibu nilikuwa nayo kukuzidi wewe. Nikaweka chakula mezani, nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikajibanza kati ya mashuka yaliyoanikwa. Nikasikiliza. Hata kijiko hakilii. Nikasema, basi, nimezidisha chumvi.

Mama mkwe akanifuata. Nilidhani atanigombeza mtaa mzima usikie. Akaongea taratibu tu: 'Binti, wageni wanakungoja. Si unajua kwetu anayeleta chakula anaonja kwanza, watu wakimwona? Ukikimbia hivi, watasema umetia sumu.'

Yaani mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa nawatisha watu wazima! Nikarudi. Nikamega ndizi, nikatia mdomoni. Nilitafuna tu. Mzee mmoja akasema, 'Bibi harusi anatumalizia chakula, jamani, tuwahi.' Wakacheka, wakala, hata mchuzi haukubaki. Hawakutaka hotuba, mwanangu. Walitaka kuniona nakula.

Sasa sikia. Aibu si dhambi. Kaa nayo, siku moja itapungua, na isipopungua pia utaishi. Ila usimpe mtu mwingine kazi ya mikono yako asimame nayo badala yako. Simama na bakuli lako, onja wewe kwanza, wakuone. Maneno yakija, sema. Yasipokuja, tafuna. Na Mungu akupe mikono ya kulisha wengi, na meza yako isikose watu wa kucheka nao. Haya, geuza hizo, zinaungua."

Kweli zilikuwa zinaungua. Zilizoungua tukazila sisi wawili, na haradali. Bibi akaomba nyingine. Nikamuuliza, na ule mkate je? Akajifanya hasikii.

Ijumaa asubuhi. Mwalimu alipoita jina langu, Nomfundo alinyoosha mikono apokee bakuli, kama tulivyopatana. Nikampa kifuniko tu. Nikaenda mbele, masikio yanawaka, nikachukua frikadele moja, nikaing'ata. Nilikuwa nimeng'ata kubwa mno. Darasa zima likaningoja nitafune.

"Wewe, utatuachia?" akapiga kelele mvulana wa nyuma.

Wakacheka. Nami nikacheka, mdomo umejaa, nikiuziba kwa mkono. Nilipomeza, nikasema, "Ndani kuna mkate. Ndio unaozifanya laini."

Wakangoja niendelee. Nikawapitishia bakuli.