Nafunika Kahawa Kwanza

Mzee anayetuanikia kahawa hapa Ihanda huigeuza kwa viganja, reki haitaki. Kwa miaka thelathini na nne amepita kati ya vichanja vya mama yetu akiokota punje mbovu na kuzitia kwenye mfuko wa shati. Ikifika saa sita alikuwa akifunika kichanja kimoja baada ya kingine, maana jua kali hupasua maganda na wanunuzi wa Mlowo huikataa kahawa ya namna hiyo. Mama alimwita "mzee" tangu hajaota mvi, naye alimwita "mama", ingawa walikuwa rika moja. Chai aliinywea nje kwenye ngazi, hata siku za baridi, na mama hakuacha kuweka kiti cha pili jikoni.

Mwaka jana mama alikuwa mahututi kitandani, mimi nimemshika mkono. Akageukia dirisha, akamwita mzee kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

"Naam, mama! Nafunika kahawa kwanza," akajibu kutoka nje.

Vilikuwa vimebaki vichanja viwili. Alipoingia, kofia mkononi, nilikuwa nimeshamfumba mama macho.

Hajawahi kuniuliza mama alitaka kumwambia nini, na mimi sijui. Msimu huu, kila saa sita, anaacha vichanja wazi na kuja kusimama mlangoni pa chumba kile. "Nimeshakuja," anakiambia kitanda kitupu, na huko nje kahawa inapasuka juani.