Kofia ya nne ya Élisha

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya nyumba yake karibu na stesheni ya Kamina, Mama Salomé Kalunga anafuma kofia ya mtoto mchanga. Ingemtosha mwanamume mwenye ndevu.

"Weye, usiitamani," anamwambia jirani anayeikodolea macho. "Iko na mwenyewe."

Mwenyewe ni Élisha, mjukuu wake wa miezi mitano.

Salomé, mjane, ameuza kofia mlangoni mwa maternite, wodi ya wazazi, kwa miaka mingi. "Miye njo nilivalisha nusu ya huu muji," anasema. "Hata bale banapitaka bila kunisalimia."

Élisha alipotimiza mwezi, kofia yake ilikataa kuingia. Mira, binti wa Salomé, alilaumu sabuni.

"Mama, imekaza uzi."

Salomé akaivalisha kisufuria anachopimia kazi yake. Ikaenea sawasawa, kama siku ya kwanza.

"Sabuni haina makosa, mwana yangu."

Wakamtazama mtoto.

Hospitalini, muuguzi Éphraïm Mwanza aliwaambia kwamba maji yanajaa kichwani. Tumboni mwa mama, alieleza, chembe za mwili hupeana ujumbe: hapa ota, pale acha njia, sasa inatosha. Kwa Élisha ujumbe ulikosewa mahali, na njia ya maji ikatoka nyembamba mno.

Mira aliuliza kama ni magunia ya makaa aliyojitwika akiwa na mimba.

"Hapana, mama. Haukumufanya kitu."

Hapo ndipo Mira alipolia.

Ujumbe wa namna hiyohiyo, aliongeza Éphraïm, ukivurugika mwilini mwa mtu mzima, unaweza kuotesha saratani. Salomé akamkumbuka mama yake, aliyekufa kwa uvimbe wa titi.

"Basi huo ujumbe iko sawa na treni yetu," alisema. "Inafika siku inataka."

Muuguzi alicheka. Salomé hakucheka.

Sasa wanaisubiri treni hiyohiyo iwapeleke Lubumbashi, Élisha akawekewe mrija wa kutoa maji. Macho yake yameanza kuzama chini. Éphraïm hajawaahidi kwamba ataona.

Wanawake wanaonunua kofia kwa Salomé huomba ziwabane watoto upesi, wakue haraka. Yeye anafunga fundo la mwisho na kuivua kofia ya nne kutoka kwenye kipimo chake kipya, sufuria ya kusongea bukari.

"Akirudi, imuenee," anasema. "Hata Noeli ikifika, imuenee tu. Na hii sufuria, niirudishe ku jiko."