Kiti cha Mtihani

Fundi makochi alikuwa na kiti kimoja kisichouzwa. Kilikaa karibu na mlango wa karakana, kitambaa cha kijani, mikono ya mbao iliyong'arishwa, na ndani yake springi moja iliyofunguka, ambayo humchoma mkaaji pale pale pasipotajika mbele za watu. Kila aliyekuja kuomba kazi alikaribishwa kukaa humo. Aliyenyamaza hakupata kazi, kwa kuwa ni mwoga. Aliyekisifia hakupata, kwa kuwa ni mnafiki. Fundi alimtaka mtu atakayeinuka, akipindue kiti na kuonyesha kosa liko wapi. Kwa miaka kumi na tisa kiti hicho kiliajiri watu wawili, na wote walishahama mji.

Alipenda kusimulia kwamba springi ile aliilegeza mwenyewe kwa makusudi, kwa maana springi za mkono wake hazifunguki ng'o. Tuyaweke hayo kiporo kwanza.

Hoteli mpya iliyokuwa ikimaliziwa kujengwa ng'ambo ya barabara ilitaka makochi ya vyumba vyote. Kila karakana iliyoomba kazi hiyo iliambiwa itume video ya dakika tatu kabla ya saa kumi jioni, siku ya Ijumaa. Na karakana ya Fundi ilikuwa hoi. Watu siku hizi wananunua makochi ya kwenye makontena, na shemeji yake, mwenye jengo, alishaanza kuja na futi kamba kupima ukuta, akipanga mahali pa rafu za kuuzia simu. Bila hoteli, Fundi na mkewe, aliyeshona kila kitambaa kilichotoka mle ndani, wangefunga mlango mwisho wa mwezi.

Binti yao akatafuta watu watatu wa video. Fundi akasema waje, ila atachagua yeye, na atachagua kwa kiti.

"Baba, hawa hawatengenezi makochi," binti akamwambia.

"Lakini wanakaa," Fundi akajibu, na akishasema hivyo harudi nyuma.

Ijumaa asubuhi akaja wa kwanza, mwenye miwani myeusi na droni. Alikaa kwenye kiti, machozi yakamlenga, akasema kiti kina hisia. Kisha akaeleza kwamba yeye anaona kochi likiwa juu ya mlima, jua linachomoza, na farasi mweupe anapita. Fundi akauliza nani atalipandisha. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya utekelezaji. Ili waelewe zaidi, jamaa akairusha droni mle mle karakanani, na mabaki yote ya sponji ya mwezi mzima yakapaa na kuwatua vichwani. Mke wa Fundi alipiga chafya mpaka saa sita.

Wa pili alikuwa mpiga video wa harusi, na hakuwahi kupiga kitu kingine maishani. Alikataa kukaa, alisema kazini yeye hakai. Akauliza bibi harusi yuko wapi. Alipoambiwa hakuna, alitafakari kidogo, akalifunga utepe kochi la watu watatu, akaamuru libebwe taratibu kupita mlangoni huku muziki ukilia, na mke wa Fundi asimame pembeni alie kama mama anayemwoza mwanawe. Maskini, alijaribu. Mara ya tatu alilia kweli, kwa sababu bibi harusi alimkanyaga kidole.

Wa tatu alipiga simu saa nane kusema amepata kazi nyingine. Binti akashika tama. Ndipo akaingia msoma mita wa maji, ana begi begani, akatoa shikamoo na kuomba asubiri magunia yasogezwe, kwani mita ilikuwa nyuma yake. Akaketi pale palipokuwa na nafasi.

Papo hapo akainuka. Akakipindua kiti, akapiga goti, akakimulika kwa tochi.

"Springi ya tatu, upande wa kushoto," akasema. "Fundo limeachia."

"Umepata kazi," Fundi akamwambia.

Msoma mita akaeleza kwamba kazi anayo. Binti akaeleza kwamba huyu ni mtu wa maji. Fundi alijua fika. Macho anayo, na sare ya bluu aliiona. Lakini mtihani ni mtihani, na huyu kaufaulu. Wakabishana mpaka saa tisa ikapita, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, msoma mita akatoa simu ya kazini, ile anayopigia picha za mita.

Alifanya kazi kama alivyozoea. Hakuamini kitu ambacho hajakiona kwa chini. Alipindua kila kochi, akasogeza simu mpaka karibu igusane na mbao, akasoma kwa sauti: "Kochi la watu wawili. Miguu minne. Hali nzuri. Hakuna uvujaji." Fundi muda wote alisimama mlangoni ndani ya suti yake ya pekee, kifua mbele, akisubiri zamu yake ya kuonekana. Haikufika.

Saa kumi kasorobo wakaizungukia simu kuitazama. Kwenye kochi la mwisho, msoma mita alikuwa amefunua pembe ya kitambaa cha chini, kile ambacho mke wa Fundi hukipigilia misumari mchana, mume akiwa amejilaza baada ya kula. Sauti yake ikasema: "Springi kumi na mbili. Kila moja ina fundo la pili, la uzi mwekundu. Hali nzuri sana."

Fundi hakuwa na uzi mwekundu. Uzi mwekundu ulikaa kwenye kopo la mkewe.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Tangu mtoto wa kwanza," mkewe akasema, akiangalia chini. "Zilikuwa zinaachia, baba watoto. Na wewe ulikuwa unafurahi sana ukisema hazifunguki."

Fundi akakitazama kile kiti cha kijani. Alikitengeneza wiki ile mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake, miaka kumi na tisa iliyopita. Kilifunguka siku ya pili, na yeye, kwa aibu, akakipa kazi ya kupima watu. Alijisikia mdogo, na suti ikamwasha.

Binti akasema sehemu hiyo inaweza kukatwa, itachukua dakika mbili tu. Zilibaki dakika sita.

"Tuma ilivyo," Fundi akasema.

Jumatatu iliyofuata simu ikalia. Mtu wa hoteli alisema wamepokea video kumi na moja, tisa kati yake zina farasi. Kazi wameipa karakana hii, ila wangependa kuzungumza na fundi.

"Mimi ndiye," Fundi akasema.

"Yule wa uzi mwekundu?"

Fundi akamtazama mkewe. "Subiri nikupe," akasema, akavuka chumba na kumwekea mkewe simu sikioni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kitambaa.

Mkewe alipomaliza kuzungumza, alikuta kiti cha kijani kimepinduliwa mbele yake, na kopo la uzi liko wazi. Mumewe alikuwa ameketi sakafuni, miwani usoni.

"Nionyeshe," akamwambia. "Polepole."