Mkeka wa Noeli Uliokaukia Juu ya Jiko

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Noeli. Tulikuwa tumerudi kutoka misa pale Bagamoyo, mama akaniambia kwamba mwaka huo mkeka wa kumlaza Mtoto Yesu pangoni nitausuka mimi. Nyumba yetu ndiyo iliyoutoa tangu enzi za bibi, na kila binti aliyekwisha kupata kipaimara alikuwa na zamu yake. Nilifurahi hata chakula hakikupita. Nikawa naota mchana kweupe, kanisa zima linausogelea mkeka wangu.

Tukachuma ukindu, tukauchana, tukauanika. Lakini vuli ya mwaka ule! Jua likichungulia kidogo, wingu hilo hapo. Subira ikanishinda. Nikausuka ukiwa mbichi, nikaushona mkeka, na kabla ya Jumapili ya pili nilikuwa natamba nao uani.

Ulipokuja kukauka, ukindu ukasinyaa, mkeka ukaachia mianya kila mahali. Bi Mwanakombo, jirani yetu Mwislamu aliyemfundisha mama kusuka, akauinua mbele ya uso, akanichungulia kupitia matundu.

"Mjukuu wangu, huu mkeka au chekeche? Mtoto wa watu ataangukia chini."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Nikamwomba mama tutafute mwingine sokoni. Mama wala hakupandisha sauti.

"Wa sokoni upo, Noeli haitakosa mkeka. Ila Majilio haya yatakuwa yamekupita. Tumeambiwa tujiandae, wewe ulitaka kumaliza."

Maneno yale yakanikaa. Nikasema naanza upya. Nikachuma ukindu mwingine, nikawa nauanika asubuhi na kuukimbiza ndani mvua ikianguka, wenzangu wakinicheka. Mvua ilipokataa kabisa kukatika, Bi Mwanakombo akanipa nafasi juu ya dari ya jiko lake, ingawa alinionya kwamba moshi utautia weusi. Nikakubali. Kila jioni baada ya sala nilikwenda kuugeuza, na huko kuugeuza, sijui niseme vipi, nako kukawa sala.

Ulipokauka kabisa ndipo nikausuka, na mkesha wa Noeli nikapeleka kanisani mkeka mdogo, rangi ya kahawia, umekaza barabara. Mwalimu wa dini akaunusa.

"Mbona unanuka moshi?"

"Hata zizi lilinuka, mwalimu," mama akamjibu.

Mwalimu akacheka, akautandika pangoni.

Basi, mwanangu, Majilio yakifika usikae tu kungoja pilau na nguo mpya. Shika kazi moja, hata ndogo, uifanye kwa ajili ya Yeye ajaye. Ikiharibika, fumua uanze tena, hata kama muda umekubana na watu wanakucheka. Huko ndiko kumngojea. Mungu akupe mikono isiyochoka kuanza, na Mtoto atakapofika, akukute kazini, moyo wako mkunjufu.