Kahawa ya Chumvi ya Orville Tibbetts

Orville Tibbetts, mpishi wa meli yetu, alitia chumvi kidogo kwenye kahawa kama wanamaji wa zamani, na ukilalamika anakufukuza jikoni kwa mwiko. Meli yenyewe ilikuwa na kazi moja: nyambizi ikizama, tushushe kengele, yaani chumba kikubwa cha chuma chenye umbo la kengele, tuwatoe watu. Lakini miaka ilipita tukifanya mazoezi tu. Pale bandarini New London watu wa nyambizi walitucheka, hasa mpishi wao, Lucien Gagnon.

"Nyie mnaokoa samaki," alisema. "Na hiyo kahawa yako, mzee, ni maji ya bahari yaliyopashwa moto!"

Tukarudi kwenye mazoezi yetu.

Kisha nyambizi ya kina Gagnon ikazama, ikakwama chini, watu wakiwa bado hai ndani. Tukashusha kengele, Orville akiwa ameshapakia chupa za kahawa humo. Ikatua juu ya mlango wa nyambizi, mlango ukafunguka, kahawa ikapokelewa. Mimi nilikuwa sitahani, kwenye simu iliyounganishwa na kengele, na sauti ya kwanza kunifikia ilikuwa ya Gagnon.

"Mwambie huyo mzee kahawa bado ina chumvi!"

Orville akaninyang'anya simu. "Kama una maneno, panda uje uniambie usoni!"

Kengele ilishuka na kupanda mpaka wakatoka wote, wote kabisa. Gagnon alikuwa wa mwisho. Sitaha nzima ikipiga kelele za furaha, alikwenda moja kwa moja kwa Orville, akamnyooshea kikombe kitupu.

"Haya, nimekuja. Ongeza."