Kadi za Upande wa Kulia

Kila Jumamosi jirani wa ghorofa ya juu, bibi wa Kiaustralia, hutandaza kadi zake kwenye chumba cha kufulia. Zina majina ya askari wa batalioni ya baba yake, iliyoundwa wakati wa vita na kuvunjwa vita vilipokwisha. Hulamba kidole, husoma jina kwa sauti, kisha huweka kadi: waliokufa kushoto, waliorudi kulia. Léontine, akingoja mashine imalize kufua nguo zake, humtazama. Wiki hii mwanawe, Israël, amepata barua ya kuitwa jeshini.

"Kulia ni wengi, si ndiyo?" Léontine akauliza.

"Wengi, Mama Israël. Na mashine yako imesimama zamani."

Bibi akamsukumia kadi tupu na penseli. Léontine akaandika jina la mwanawe, akaiweka kulia kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akaenda kutoa nguo.