Kitambaa Juu ya Mashine ya Faili

Iko siku moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza ununue mashine gani ya kuhifadhia kazi za ofisi yako ya nyumbani, nitakusimulia kabla hujaingia dukani.

Nilikuwa kijana, mama wa mtoto mmoja, nikirekodi video za harusi na mazishi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu hapa Nyeri. Kompyuta ilipojaa nilikwenda Majengo kwa Mzee Abdi, fundi mpole asiyependa kurudia maneno. Akanionyesha kisanduku chenye diski mbili.

"Mama Wanjiru, weka hii ya pili ikopi ile ya kwanza," akasema. "Moja ikikufa, ingine iko. Halafu ununue ya tatu, uweke kwa dada yako huko Kangari."

"Mzee, nusu ya nafasi yote ikae bure?"

Nilikuwa mjuaji, mwanangu, wa aina ile inayosoma kurasa mbili na kuanza kufundisha wengine. Nikaziunganisha diski zote mbili ziwe moja kubwa, kila faili ikigawanywa kati yake, yaani moja ikiharibika kila kitu kimekwenda. Ya tatu sikununua. Na kwa kuwa baridi yetu ya Julai unaijua, nikakifunika kisanduku kwa kitambaa cha kufuma, kama tulivyofunika redio, televisheni na viti. Kilipendeza kweli. Feni nayo ikawa inahema chini ya maua yangu ya uzi.

Siku hizo jirani yetu mmoja, mzee sana, aliniita nimrekodi akizunguka shamba lake. Kila alipofika kwenye yale maua tunayopanda mpakani, alisimama akataja sehemu ile ni ya nani. Robo ekari yenye nyumba ndogo akasema ni ya Wangari, binti yake aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika. Akaniomba nikae na video hiyo hadi atakapofariki, maana hakutaka vita na wanawe akiwa hai. Nikaihamishia kwenye kisanduku, nikaifuta kadi ya kamera, kwa kuwa Jumamosi nilikuwa na harusi.

Yule mzee jirani akafariki. Asubuhi ya siku ambayo familia ingeketi kugawana shamba, Wangari akaja kuichukua video. Nikawasha kisanduku. Kililia tiki, tiki, na faili hata moja haikutokea.

Nikampigia Mzee Abdi. Alipofika akainua kitambaa kwa vidole viwili.

"Ati ilikuwa inasikia baridi?"

Hakucheka. Alihangaika nacho hadi saa sita, kisha akarudisha bisibisi mfukoni.

"Diski moja imeungua, na hii ingine iko na vipande tu. Wangari ako hapo nje. Umwambie wewe mwenyewe, hiyo sitakusaidia."

Nilimwambia. Nilikwenda hata kwenye kikao, nikasimama mbele ya kaka zake nikaeleza niliyoyasikia kwa masikio yangu.

"Tuonyeshe," kaka mkubwa akasema.

Sikuwa na cha kuonyesha. Wangari alihamishwa kabla ya mahindi kukomaa, na hadi leo amepanga chumba. Tukikutana sokoni hunisalimia vizuri, hajanilaumu hata siku moja, nami naona aibu nashindwa kumtazama.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize kwanza mashine ina nafasi kiasi gani. Uliza diski ikifa leo, kesho utafanya nini. Chukua ya diski mbili zinazonakiliana, na hata hizo usiziamini peke yake, kwa sababu ukifuta faili kwa bahati mbaya inafutika kote. Nakala ya tatu ilale nyumba nyingine, na uwe unaifungua uone kama inasoma. Stima yetu hukatika ovyo, itafutie betri ya kuishikilia. Iache ipumue, vitambaa peleka sebuleni. Na fundi mzee akikushauri, nyamaza umsikilize, jambo ambalo mimi lilinishinda.

Mungu akupe kazi nyingi na moyo wa kuitunza. Na siku atakapokuja kwako mtu aliyefiwa, akiomba kusikia sauti ya baba yake, ubonyeze, naye aisikie.